Mabeshte, kayaki na Mto Nile: mwongozo kamili wa kutoka Mombasa hadi maji makali ya Jinja

Kabla ya hesabu ya pesa na tarehe kuna kitu lazima nikiseme, manake kila kundi la Mombasa likianza kupanga hii safari kuna mtu atatoa ile kauli, "sisi watu wa pwani bwana, maji tunayajua." Sawa, mnayajua, lakini mnayoyajua ni ya bahari. Bahari ina saa zake, inajaa inapwa, ukichoka unangoja mkondo ugeuke, na ukizidiwa unaelea mpaka mtu wa mashua akuone. Mto haugeuki. Pale Jinja, Uganda, maji yanatoka Ziwa Victoria yanashuka mchana na usiku, mwaka mzima, upande mmoja tu, na tukisema yanapita kama mita za ujazo elfu moja kila sekunde (hupanda na kushuka) jua kila mita ya ujazo ni tani nzima. Hakuna mpiga mbizi wa Likoni wa kushindana na hio. Nimeona waogeleaji hodari wa baharini wakihangaika mtoni kuliko mtu wa bara aliyejifunzia kwenye bwawa la kuogelea, kwa sababu yule wa bara anasikiliza kocha na huyu wetu ashajiamulia.

Kwa hivo mwongozo huu naandikia kundi la kawaida la hapa kwetu: watu wanne mpaka wanane, wote wanajua kuogelea, wengine washakalia zile kayaki za plastiki za wazi pale Nyali ama Mtwapa, na hakuna anayejua kujigeuza akipinduka.

Kwa nini Jinja

Iko karibu, unafika kwa barabara, hulipi viza kama wewe ni Mkenya, na maji yake ni ya vuguvugu kwa hivo hamna haja ya zile nguo nzito za mpira. Lakini sababu kubwa kwangu mimi ni umbo la mto wenyewe. Nile pale ni pana na ina kina, rapidi (yaani kipande cha maji makali) inakuja kwa kishindo halafu baada yake kuna dimbwi refu lililotulia, so ukipinduka ukatoka kwenye kayaki mara nyingi unarushwa mpaka kwenye maji ya pole, na kuna muda wa kukuokota, kumwaga maji na kupumua. Mito midogo ya mawe haikupi hio nafasi, unapinduka hapa unagonga jiwe pale.

Sasa sikiza, usipange safari kwa video za zamani za mitandaoni. Mto huu umebadilika sana kwa sababu ya mabwawa ya umeme. Maporomoko ya Ripon, yale aliyoyaona mpelelezi Mwingereza Speke 1862 akasema hapa ndipo Nile inapoanzia, yalimezwa lilipojengwa bwawa la Owen Falls lililofunguliwa 1954. Bwawa la Bujagali la megawati 250 likaja kukamilika 2012 likafunika maporomoko ya Bujagali yenyewe na rapidi zilizokuwa maarufu duniani, kisha 2019 likafunguliwa la Isimba, megawati 183, huko chini zaidi, nalo likabadilisha sehemu ya chini. Mtu anakutumia video kwenye grupu anasema tunaenda hapa, kumbe hapo sai ni chini ya ziwa. Kipande kilichobaki kati ya Bujagali na Isimba bado ni kitamu sana, na pale kwenye maporomoko ya Kalagala na Itanda palihifadhiwa kwa makubaliano kati ya serikali ya Uganda na Benki ya Dunia ili pasijengwe bwawa la umeme. Ukiwapigia watu wa kayaki wa Jinja waulize swali hili tu: rapidi gani zinafanya kazi mwezi huu na maji yako kiasi gani. Anayejibu kwa majina na maelezo, huyo yuko mtoni kila siku. Anayejibu "njooni tu kila kitu kiko sawa", tafuta mwengine.

Kundi kwanza, miezi mitatu kabla

Hapa ndipo safari nyingi zinaharibika, na wala si mtoni. Fungueni grupu, lakini mtu asihesabiwe mpaka atoe mchango wa kwanza, manake Mombasa "niko ndani" ya baraza jioni na "niko ndani" ya M-Pesa ni vitu viwili. Chagueni mtu mmoja wa pesa na mtu mwengine wa usalama, wasiwe mtu mmoja, kwa sababu yule wa pesa akishalipia siku ya mtoni roho yake itamwambia tusipoteze hela twende tu, na huyu wa usalama kazi yake ni kusema leo hatuingii. Kubalianeni mapema na kwa maandishi nini kinarudishwa mtu akijitoa wiki moja kabla. Inaonekana ni ubahili lakini inaokoa urafiki.

Kipimo changu cha mtu wa kwenda naye si misuli. Jiulize, nikimwambia huyu "rapidi hii we tembea kando, tukutane chini", atanuna? Atanibishia mbele ya watu? Kama jibu ni ndio, mpeleke Watamu kuona pomboo. Pia asiwe mtu wa kuficha maradhi: pumu, kifafa, bega linalochomoka, presha, ujauzito, haya yote yasemwe kabla. Bega hasa, nalirudia hili, kwa sababu kayaki ya mtoni ndiyo mchezo unaopenda kuchomoa mabega, na bega likitoka katikati ya rapidi huna mkono wa kuogelea.

Tarehe: mto una maji mwaka mzima kwa sababu unatoka ziwani, kwa hivo msihangaike sana na msimu, angalieni tu Machi mpaka Mei na Septemba mpaka Novemba mvua inanyesha sana upande huo na barabara za kushuka mtoni zinakuwa matope. Ramadhani msipange, kupiga kafi siku nzima juani na saumu ni kujitesa. Na kama kuna wanaoswali mwambieni kocha siku ya kwanza, mapumziko yatawekwa ukingoni saa zinazofaa, hio haina shida kabisa.

Mazoezi hapa hapa Mombasa

Kayaki ya mtoni ni ndogo, imefungwa juu, unakaa ndani miguu imenyooka mbele na kiuno kimevalishwa sketi ya mpira inayobana mdomo wa kayaki ili maji yasiingie. Hii si ile ya kukalia juu ya hotelini. Tofauti yake kubwa ni kwamba hii ikipinduka unapinduka nayo, uko kichwa chini. Kwa hivo zoezi namba moja ni kuzoea kuwa kichwa chini bila kupaparika.

Ingieni bwawa la kuogelea, mkivaa kibanio cha pua, jipindue chini ya maji ushike ukuta au mwenzio akushike miguu, uhesabu pole pole mpaka kumi ndio utoke. Fanya mpaka ikuchoshe. Mtu akiweza kukaa chini ametulia, nusu ya kazi imeisha, mengine ni ufundi wa mikono. Kama mnaweza kupata kayaki iliyofungwa hata ya kuazima, fanyeni zoezi la kutoka: unainama mbele kifua kikaribie kayaki, unagonga ubavu wa kayaki mara tatu (ndio wenzako wajue una akili zako), unatafuta ule mkanda wa mbele wa sketi, unauvuta mbele na juu, kisha unasukuma kayaki kama unavua suruali. Watu hukosea kwa kujaribu kurudi nyuma ili wapate hewa. Usirudi nyuma, uso utakwaruza mawe na sketi haifunguki.

Kayaki za wazi nazo msizidharau, mikono inajifunza. Nendeni Mtwapa ama Tudor na hapa ndipo ujuzi wa pwani una faida ya kweli. Angalieni jedwali la maji, chagueni siku za maji mafu, mkondo ukiwa mdogo, na wala si bamvua, halafu ingieni wakati maji yanajaa, sio yanapotoka. Kwa nini? Mkondo wa maji yanayojaa ukikushinda unakusukuma ndani ya mkono wa bahari, mtu atakuokota kwenye mikoko. Yanayotoka yanakupeleka mlangoni kwenye mawimbi. Tafuta ncha ya ardhi ambapo maji yanapita kwa kasi, nyuma yake utaona maji yanazunguka kurudi juu, hayo maji ya kurudi ndio utayatumia mtoni kupumzikia. Jifunze kuingia na kutoka pale: unapovuka mstari kati ya maji hayo na mkondo unalaza kayaki upande ule unaokwenda, kama unavyolala na pikipiki kwenye kona. Ukilala upande usio sahihi mkondo unakamata ubavu na unapinduka papo hapo. Nguzo za madaraja kaeni mbali nazo, mkondo unakubandika pale na hakuna wa kukutoa. Mvae laifujaketi hata kama mnaonekana wajinga, na mmoja abaki kwenye boti.

Kisha Sagana. Kama mfuko unaruhusu, wikendi moja kabla ya Uganda pitieni Sagana, kama kilomita mia moja kutoka Nairobi, kwenye mto Tana huko juu. Kuna kambi za rafti (zile boti za mpira za kupuliza za watu wengi) na kayaki, Savage Wilderness ndio ya miaka mingi, na kuna maji ya wanaoanza. Siku mbili pale na kocha zitawaonyesha nani anafaa kayaki na nani atafurahia zaidi rafti, bora mjue hapo kuliko mjue mko Uganda mshalipa.

Karatasi, sindano na bima

Mkenya anaingia Uganda kwa kitambulisho cha taifa tangu 2014, lakini beba pasipoti kama unayo, kwa sababu ukitaka laini ya simu ya kule mgeni anasajiliwa kwa pasipoti, na hospitali au bima wakitaka hati ndio inayotambulika haraka.

Kadi ya manjano ya chanjo ya homa ya manjano ni lazima. Chanjo inaanza kuhesabiwa siku 10 baada ya kuchomwa, kwa hivo usiende kuchomwa Jumatatu ukasafiri Jumatano, na ukishachanjwa kadi ni ya maisha. Ile biashara ya kununua kadi bila sindano achaneni nayo, ugonjwa wenyewe haujui kama una kadi. Malaria Jinja ipo sana, muone daktari kuhusu dawa za kujikinga na beba neti, usijipe moyo kwamba na Mombasa ipo, kuzoea mbu hakukulindi unavyodhani.

Bima ndio watu huruka. Soma ile karatasi, bima nyingi za safari zinakataa michezo ya hatari au zinaweka kikomo cha gredi ya maji. Mito hupimwa gredi 1 mpaka 6: 1 ni maji yanayotembea tu, 3 ni mawimbi ya kukulowesha na kukupindua ukizubaa, 5 ni ya mabingwa, 6 ni kama kujitoa roho. Uliza moja kwa moja, mnalipa gredi ngapi, na wajibu kwa maandishi. AMREF Flying Doctors wanauza uanachama wa kubebwa kwa ndege ukiumia, kwa kundi ni kitu cha kuangalia.

Pesa na vitu vya kubeba

Sitawapa jumla manake bei za Jinja zinabadilika na zinategemea kocha, ila mgawanyo ni huu: usafiri, malazi, mafunzo na kukodi vifaa, gari la kurudisha watu na kayaki kutoka mwisho wa mto, chakula, na akiba ya dharura ambayo haiguswi hata mkiona sukuma wiki zimeisha. Akiba iwe ya kutosha kulipa usiku mmoja hospitali na gari mpaka Kampala. Mafunzo msiyakate. Kama lazima mpunguze kitu, laleni bweni la kambi badala ya chumba cha kuonyesha mto, mto mtauona vya kutosha.

Kayaki na makafi msibebe, kodini kule. Bebeni vile vinavyokaa mwilini: kibanio cha pua na cha akiba, fulana ya mikono mirefu ya kukauka haraka, suruali ya kubana ya kuogelea, raba au viatu vya kamba (slipa zitabaki mtoni siku ya kwanza), mafuta ya jua, kamba ya miwani, begi lisilopitisha maji la simu na dawa. Dada wanaovaa hijabu, ile ya kuogelea ya kubana kichwa inakaa vizuri sana chini ya helmeti, ila toeni pini zote, na hakuna leso wala kitu cha kufunga kinachoning'inia shingoni. Pete pia toeni. Helmeti ya kukodi ijaribu: ifunge, shika kwa mbele uisukume nyuma, ikionyesha paji la uso omba nyengine. Laifujaketi mwenzio aivute mabegani kwenda juu, ikifika masikioni ni kubwa au haijakazwa.

Njiani

Safari nzima ni zaidi ya kilomita 1000, ikateni mara mbili. Treni kutoka Miritini ya daraja la kawaida imekuwa shilingi 1,500 tangu Januari 2024, kateni tiketi mapema na mmoja awakatie wote mkae pamoja, ikifika Syokimau hapo mnaenda mjini kupanda basi la usiku linaloelekea Kampala, lipite Busia au Malaba ni sawa. Mkipanda treni ya mchana angalieni saa, Syokimau hadi mjini jioni foleni inaweza kuwakosesha basi, mimi ningechukua ya asubuhi nikae Nairobi kidogo nile vizuri. Mwambieni kondakta tangu mwanzo kwamba mnashuka Jinja, na mkumbushe mpakani, manake basi lenyewe linaenda Kampala na watu wanalala, mkishtuka mko mbele ya Jinja kilomita 80.

Mpakani mnashuka wote, mnapigwa muhuri wa kutoka na wa kuingia kwenye jengo moja upande wa Uganda. Badilisheni pesa kidogo tu pale ya kuanzia, ofisini na sio kwa mtu wa barabarani, na hesabu msiifanye na usingizi machoni: shilingi yetu moja ni ishirini na kitu za kule, kwa hivo noti za elfu hamsini zisiwatishe wala zisiwape kiburi.

Mkifika siku hio msiingie mtoni. Laleni, kuleni rolex, ile chapati na mayai ya kukunja, wekeni laini za simu, mtembee mpaka mtoni kuangalia maji tu. Wanaotaka nyama ya halali waulize, Waislamu ni wengi Jinja na haipatikani kwa shida. Mtaona boda zinabeba kayaki zimelazwa nyuma ya dereva, msishangae, hivo ndivo zinavyosafiri kule.

Siku mbili za mwanzo

Siku ya kwanza yote ni maji ya pole. Kocha anawakalisha ndani, mnarekebisha sehemu ya miguu na nyonga mpaka kayaki ikufuate ukitikisa kiuno, halafu kila mtu anatoka chini ya maji mara kadhaa. Kocha mzuri ana watu wachache, mimi nisingekubali kocha mmoja kwa zaidi ya watu watatu wanaoanza. Ulizeni ana cheti cha uokoaji wa mtoni na huduma ya kwanza, na ulizeni kayaki ya usalama itakuwa wapi. Asikasirike ni swali la kawaida.

Kisha mnaanza kujifunza roli, yaani kujigeuza juu bila kutoka. Wengi hawaipati siku ya kwanza na si aibu. Siri yake iko kiunoni na wala haiko mikononi. Unainama mbele, kafi inakaa sambamba na kayaki juu ya maji, unaifagia nje kwa upinde mpana huku goti la upande mmoja linavuta kayaki igeuke, na kichwa ndicho kinachotoka mwisho. Kichwa kikitangulia unaivuta kayaki irudi chini, kila mtu anafanya hivo kwa sababu roho inataka hewa. Kafi isipite nyuma ya bega, mikono iwe mbele ya kifua muda wote, hilo ndilo linalolinda bega. Wakati roli haijakaa sawa kuna njia nyengine, unagonga kayaki unanyoosha mikono nje, mwenzio anakuletea pua ya kayaki yake, unaishika unajigeuza.

Siku ya pili rapidi ndogo, gredi 2. Hapa mto unakufunza kusoma. Ulimi wa maji laini wenye umbo la V unaoelekea chini ni njia. V inayokuelekea wewe, ncha yake juu, pana jiwe au kitu pale. Mawimbi yanayosimama mahali pamoja ni ya kufurahia, pigeni kafi kwa nguvu mpite katikati. Lakini ukiona mstari ulionyooka wa maji yanayotumbukia halafu povu linarudi nyuma, hilo ni shimo la maji, linakushika linakuzungusha, na kwa anayeanza hupitwa kando. Matawi na miti iliyoangukia majini ndio hatari ninayoiogopa kuliko zote, maji yanapita wewe hupiti. Na ukiwa kwenye rapidi usiache kupiga kafi. Kafi ikiwa majini una mguu wa tatu, ikiwa hewani huna kitu.

Asiyejiona tayari asilazimishwe. Kuna rafti siku hio hio mto huo huo, kuna makocha wa kayaki ya watu wawili ambapo yeye ndiye anayejigeuza na wewe unafuata, mtaonana chini na picha zitatoka vile vile.

Mkishaingia mto wenyewe

Panga foleni: kocha au mwenye uzoefu mbele, mwengine nyuma kabisa, wanaoanza katikati wakiachana nafasi ya kutosha asimwangukie mwenzake. Hakuna anayeingia rapidi mpaka aliye mbele aashirie. Ishara zenyewe chache na wote wazijue usingizini, kwa sababu karibu na maporomoko husikii mtu akipiga kelele: kafi imesimama wima ni njoo, kafi imelazwa juu ya kichwa ni simama, kafi inaelekezwa upande ni pita huku, na siku zote inaelekezwa panapofaa kupita, kamwe haielekezwi penye hatari. Mkono ukigonga kichwa ni niko sawa, na aliyeulizwa lazima ajibu. Filimbi moja, angalieni. Filimbi tatu, dharura.

Ukitoka ndani ya kayaki, kaa upande wa juu wa mto, kayaki iwe chini yako, isije ikakubana na jiwe. Lala chali, miguu juu ikitangulia, vidole vionekane, pumua kwenye mabonde ya mawimbi na sio kileleni povu likikupiga. Kisha ukiona maji ya kurudi ukingoni geuka tumbo uogelee kwa nguvu zako zote. Usisimame! Hata kama maji ni ya magoti, hata kama unaona mchanga. Mguu ukinasa kati ya mawe mkondo unakulaza uso chini na hapo hata mtu wa nguvu hainuki. Ukirushiwa mfuko wa kamba shika kamba, si mfuko, iweke begani upande usioelekea anayekuvuta, ulale chali akuvute. Usijifunge nayo wala usiizungushe mkononi. Kayaki na kafi vikienda viende, wenzako watavifukuza baada ya wewe kuokotwa.

Mkifika Itanda, mnashuka na kutembea. Hata rafti za kulipia wateja hubebwa kwa miguu kupita sehemu yake mbaya, na vijana wa vijijini wapo watawasaidia kubeba kwa hela kidogo, patana kabla ya kunyanyua. Kaeni juu ya mwamba muangalie wale mabingwa wakipita, ni tamasha. Mbele huko, upande wa kisiwa cha Hairy Lemon, ndio kulikuwa na lile wimbi la Nile Special lililokuwa likileta watu kutoka dunia nzima kucheza, kabla ya bwawa la Isimba.

Mamba? Swali la kila mtu. Kipande hiki kina watu, boti na wavuvi kila siku, na waongozaji wanapita hapo wakijua mto wao, sikiliza wanachokwambia kuhusu wapi usiogelee. Huko chini kwenye maporomoko ya Murchison ni hadithi nyengine, mamba na viboko wamejaa. Hendrik Coetzee, Msauzi aliyeishi kwenye Nile na kuongoza msafara wa kwanza kuteremka White Nile yote mpaka baharini 2004, alichukuliwa na mamba Desemba 2010 kwenye mto Lukuga, Kongo, na alikuwa bingwa wa mabingwa. Kwa hivo mwenyeji akisema hapa hatusimami, hamsimami.

Siku zenyewe zisiwe mfululizo wote. Baada ya siku tatu mikono imekufa, na mikono iliyochoka ndiyo inayochomoa mabega. Wekeni siku moja katikati ya kulala, kufua na kuzurura mjini.

Mkirudi

Masikio yakiuma au sikio likitoa maji nenda kliniki mapema. Homa yoyote ndani ya wiki za mwanzo, pima malaria siku hio hio na umwambie daktari ulikuwa Uganda.

Halafu kichocho. Bahari yetu ya chumvi haina, lakini ziwa na Nile ya Jinja vinacho, na mdudu anaingia kupitia ngozi bila wewe kuhisi kitu. Dawa yake ni prazikwanteli, rahisi na inapatikana, ila inaua wadudu waliokomaa, kwa hivo ukimeza juma la kurudi unaweza kuwaacha wachanga wakaendelea. Kawaida husubiriwa kama wiki sita mpaka nane tangu kutoka majini ndio upimwe au upewe dawa, na kipimo ni cha daktari kwa uzito wako. Yule wa usalama aweke tarehe hio kwenye grupu kabla hamjavunja, na yule wa pesa asifunge hesabu mpaka kila mtu aandike ameshaenda, manake dawa nayo ilikuwa kwenye bajeti.